Kidonge na Tabia: Dawa za Akili kwa Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili, na hakuna dawa inayouondoa. Mwenye ulemavu huo amezaliwa nao au ameupata kabla ya kukua. Anachelewa kujifunza, anashindwa kufuata mambo magumu, na anahitaji msaada, mkubwa au mdogo, ili kujimudu. Katika vipimo vya akili hupata alama chini ya 70, wakati wastani wa watu wote ni 100. Alama peke yake haitoshi, mpaka ionekane pia kwamba mambo ya kawaida kama kuhesabu chenji, kupika, kusafiri au kujihadhari na matapeli yanampa shida. Vyanzo ni vingi: kromosomu iliyozidi, kama kwa watu wenye hali ya Down, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani utotoni, upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito. Kwa wengi chanzo hakijulikani kabisa.

Ugonjwa wa akili ni jambo jingine. Sonona, skizofrenia, wasiwasi uliopita kiasi, au ugonjwa wa hisia unaompandisha mtu kwenye furaha ya kupindukia kisha ukamtupa kwenye huzuni nzito, vyote vinaweza kumpata profesa na mkulima vilevile, huanza wakati fulani wa maisha, na vingi vina dawa. Tofauti hiyo ikiandikwa inaonekana rahisi. Katika chumba cha daktari hupotea upesi, na ndiyo maana maelfu ya watu wazima wenye ulemavu wa akili humeza kila siku dawa kali za ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba wanao. Uingereza imelichunguza suala hili kwa kina kuliko nchi nyingi, na mengi yanayojulikana leo yametoka huko.

Ulemavu wa akili haumkingi mtu na ugonjwa wa akili. Unamweka karibu nao zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,023 wenye ulemavu huo. Takriban asilimia 41 walikuwa na tatizo la afya ya akili wakati wa kuchunguzwa, na hata walipoondolewa wale ambao tatizo lao lilikuwa tabia tu, bado ilibaki zaidi ya robo. Sababu hazifichiki sana: ubongo wenyewe una hitilafu, kifafa ni cha kawaida, upweke ni mwingi, na kunyanyaswa si jambo la nadra. Zipo pia hali za kijenetiki zenye hatari ya pekee. Kwa watu waliopungukiwa na kipande fulani cha kromosomu ya 22, takriban mmoja kati ya wanne hupata skizofrenia au ugonjwa wa jamii yake. Wenye hali ya Down nao huingiliwa na dimenshia mapema, wengi wakiwa katika miaka ya hamsini, wengine hata arobaini. Kwa hiyo wapo wanaohitaji dawa kweli, na kuwanyima ni kosa lenye uzito uleule wa kuwajaza wengine vidonge wasivyovihitaji.

Makosa yote mawili hutokea kwa sababu moja: ulemavu unajitokeza mbele kiasi kwamba hauachi nafasi ya kuona kitu kingine. Mwaka 1982 Steven Reiss na wenzake nchini Marekani waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mtu mwenye hofu iliyomvuruga maisha. Baadhi waliambiwa kwamba mtu huyo ana ulemavu wa akili, wengine hawakuambiwa. Waliojua kuhusu ulemavu hawakuwa wepesi kuiona hofu ile kuwa ni ugonjwa unaohitaji tiba, ingawa dalili walizosoma zilikuwa zilezile. Akilia, ni kwa sababu ya hali yake. Asipolala usiku, ndivyo alivyo. Akiacha kula, ana ukaidi.

Shida ya pili ni mazungumzo yenyewe. Magonjwa ya akili hutambuliwa hasa kwa maneno ya mgonjwa, na hapa mgonjwa huenda ana maneno machache au hana kabisa. Mwenye maneno naye huwa amezoea tangu utotoni kuitikia "ndiyo" kwa kila mtu mwenye mamlaka. Daktari akimuuliza, "Je, unasikia sauti?" atajibu kwamba anasikia, na hajadanganya: anaisikia ya daktari. Watu wazima wengi wenye hali ya Down huongea peke yao, hupanga mambo ya siku kwa sauti au huwa na rafiki wa kufikirika. Kwa umri wao wa ufahamu hilo ni jambo la kawaida, lakini katika faili linaweza kuandikwa kuwa saikosisi, yaani kupotewa na uhalisia, na neno likishaingia kwenye faili huwa gumu kutoka.

Daktari mzoefu kwa hiyo hatafuti tu dalili za vitabuni, anatafuta mabadiliko. Mtu aliyekuwa akipenda kuchota maji na kuimba kanisani au madrasani, sasa haendi. Aliyekuwa akivaa mwenyewe anasubiri kuvalishwa. Amepungua uzito, anaamka saa tisa usiku, analia bila kuguswa, anauma mkono wake mara nyingi kuliko mwaka jana. Kwa asiyeongea, sonona huonekana hivyo. Mabadiliko hayo hawezi kuyasimulia ila mtu aliyeishi naye: mama, dada, mhudumu wa siku nyingi. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza kilitoa mwaka 2001 mwongozo maalumu wa kutambua magonjwa ya akili kwa watu wazima wa kundi hili, kwa sababu miongozo ya kawaida ilidai maneno ambayo wengi wao hawana. Swali moja linafaa kuulizwa kila mara nalo husahaulika mno: kuna aliyefariki? Katika familia nyingi mtu mwenye ulemavu wa akili hufichwa msiba, hapelekwi mazikoni, na miezi kadhaa baadaye anapoanza kupiga kelele na kumtafuta mama yake chumba hadi chumba, hupelekwa hospitali akatulizwe.

Hapo ndipo inapoingia ile sababu inayozaa dawa nyingi kuliko magonjwa yenyewe, nayo ni tabia. Mtu anagonga kichwa ukutani, anajiuma, anapiga wenzake, anarusha vyombo, anapiga mayowe usiku kucha. Waliomzunguka wamechoka, pengine wameumizwa, na wanataka jambo lifanyike leo. Dawa ndiyo inayopatikana leo.

Lakini tabia si jina la ugonjwa. Mwili unatakiwa uchunguzwe kwanza, kwa kuwa mtu asiyeweza kusema "jino linaniuma" atalisema kwa kichwa chake na ukuta. Orodha ya vitu vilivyokutwa nyuma ya ghasia za aina hii inajulikana vizuri: jino lililooza, sikio lenye usaha, kiungulia, choo kilichofunga kwa siku nyingi, maumivu ya hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo, macho yaliyoanza kupoteza nuru, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, jambo ambalo ni la kawaida kwa wenye hali ya Down. Kifafa huwapata takriban mmoja kati ya watano wa watu wenye ulemavu wa akili, na fujo zinaweza kuja kabla au baada ya degedege.

Wakati mwingine mkosaji ni dawa nyingine. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayotumika sana Afrika Mashariki, inaweza kumfanya mtu mwenye ulemavu wa akili awe na hasira na asitulie. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwamba mgonjwa wa kifafa mwenye ulemavu wa akili afikiriwe kwanza kupewa karbamazepini au valproeti pale zinapopatikana, kwa sababu hiyohiyo. Kumwongezea haloperidoli mtu aliyevurugwa na fenobabitoni ni kuweka dawa juu ya madhara ya dawa.

Mwili ukishachunguzwa, hufuata mazingira. Njia inayotumiwa ni ya daftari tu: kila tukio linaandikwa, nini kilitangulia, mtu alifanya nini, na nini kilifuata. Baada ya wiki mbili tatu mara nyingi mpangilio fulani hujitokeza. Vurugu huja saa ya kuoga, kwa sababu anaogeshwa na mwanamume asiyemjua. Huja redio inapofunguliwa kwa sauti kubwa. Huja anapokaa bila kazi tangu asubuhi, na akirusha sahani tu ndipo watu humjia na kuongea naye. Katika hali kama hizo hakuna kidonge kinachogusa chanzo. Kinachobadilika ni ratiba, mtu wa kumhudumia, njia ya kuwasiliana kwa picha au ishara, na shughuli za kujaza siku.

Dawa zinazoandikwa kwa ajili ya tabia ni hasa zile za kutibu saikosisi. Ya kwanza, klorpromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952 chini ya Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne. Baada ya muda mfupi ilikuwa imefika katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, ambako watu wenye ulemavu wa akili walikuwa wamelazwa maisha yao yote, mamia chini ya paa moja na wahudumu wachache. Wodi zilitulia. Haloperidoli ilifuata, kisha vizazi vipya kama risperidoni na olanzapini. Hali ya hospitali hizo ilifichuliwa hatua kwa hatua, hasa kwa ripoti ya mwaka 1969 kuhusu hospitali ya Ely mjini Cardiff, na serikali ya Uingereza ikaamua mwaka 1971 kuwarudisha watu hawa katika jamii. Majengo yalifungwa miaka iliyofuata. Wengi waliotoka waliondoka na dawa zilezile za wodini, na aliyezirithi kuziandika upya kila mwezi alikuwa daktari wa mtaani asiyejua zilianza kwa nini.

Miaka arobaini baadaye jambo hili lilirudi hadharani kwa njia mbaya. Mei 2011 kipindi cha televisheni cha Panorama cha BBC kilionyesha picha zilizopigwa kwa siri katika Winterbourne View, hospitali ya binafsi karibu na Bristol, ambako wahudumu waliwapiga na kuwadhihaki wagonjwa wenye ulemavu wa akili. Watu 11 walipatikana na hatia, na 6 kati yao walifungwa. Ripoti ya serikali ya mwaka 2012 haikuishia kwenye vipigo. Iligusa pia wingi wa dawa za akili walizopewa wagonjwa, na hesabu zikaagizwa zifanyike kwa nchi nzima. Majibu yalitoka mwaka 2015. Idara ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba kati ya watu wazima 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakimeza dawa za akili kila siku bila kuwa na ugonjwa ambao dawa hizo zimekusudiwa kuutibu. Mwaka huohuo jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za watu wazima 33,016 wenye ulemavu wa akili. Kati ya waliokuwa wamepewa dawa za saikosisi, asilimia 71 hawakuwa na rekodi yoyote ya ugonjwa mkubwa wa akili.

Swali la haki la kuuliza ni kama dawa hizo, hata bila ugonjwa, hupunguza fujo. Jaribio linalotajwa zaidi liliongozwa na Peter Tyrer na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2008. Watu wazima 86 wenye ulemavu wa akili na tabia ya ukali, wasio na saikosisi, kutoka Uingereza na jimbo la Queensland, Australia, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: risperidoni, haloperidoli, na kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya wiki nne ukali ulikuwa umeshuka sana katika makundi yote. Ulishuka kwa asilimia 58 kwa waliopewa risperidoni, 65 kwa haloperidoli, na 79 kwa waliomeza kidonge kitupu.

Washiriki walikuwa wachache, na jaribio moja halifungi mjadala. Lakini linaeleza kwa nini madaktari na familia kwa miaka mingi wameapa kwamba dawa inafanya kazi. Mtu hupelekwa hospitali siku zake zikiwa mbaya kuliko zote, na siku mbaya zina kawaida ya kupita. Akishaanza dawa, watu humtazama kwa karibu zaidi, humwuliza hali yake, humvumilia, na wao wenyewe hupungukiwa na hofu. Utulivu unakuja, na sifa inakwenda kwa kidonge. Mwaka ujao hakuna anayethubutu kukiondoa.

Kidonge hicho kingekuwa hakina madhara, lisingekuwa jambo kubwa. Dawa za saikosisi huongeza uzito na kuleta kisukari, hasa olanzapini na klozapini. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kupandisha homoni ya maziwa, hedhi ikakatika, matiti yakatoa maziwa, mifupa ikadhoofika. Zipo zinazochochea degedege kwa wenye kifafa, klorpromazini na klozapini zikiwa mbele. Zipo zinazofunga choo, na kwa mtu asiyeweza kueleza maumivu ya tumbo, choo kilichofunga kimewahi kuua. Zikitumika miaka mingi huweza kuacha mdomo unaotafunatafuna na ulimi unaochezacheza bila mtu kutaka, hali ambayo wakati mwingine haiondoki hata dawa ikiachwa.

Dhara moja linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa linajificha ndani ya tatizo lililokusudiwa kutibiwa. Dawa hizi huweza kumletea mtu hali ya kushindwa kutulia: miguu inawasha kwa ndani, hawezi kukaa, anazunguka chumbani, anahama mguu huu na ule, anakereka na kila kitu. Mwenye maneno atalalamika, na daktari atapunguza dozi. Asiye na maneno atatembea huku na huko, atasukuma wenzake, atapiga kichwa. Mhudumu ataandika kwamba tabia imezidi, na daktari asiye mwangalifu ataongeza dozi. Mzunguko huo unaweza kumfikisha mtu kwenye dawa tatu za aina moja kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja iliyokuwa jibu.

Hatari iliyo nadra zaidi ni homa kali, kukakamaa kwa misuli na kuchanganyikiwa kunakosababishwa na dawa hizi, hali inayoweza kuua ndani ya siku chache. Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji, kifafa na ulemavu mdogo wa akili, alifariki Bristol Novemba 2016 baada ya kupatwa na hali hiyo. Alikuwa amepewa olanzapini hospitalini, ingawa yeye na wazazi wake walikuwa wamesema asipewe dawa za jamii hiyo kwa sababu zilimdhuru hapo awali. Kampeni ya mama yake ilifika bungeni. Tangu sheria ya afya ya mwaka 2022, wahudumu wa taasisi za afya na matunzo nchini England wanatakiwa kupata mafunzo kuhusu ulemavu wa akili na usonji, na mafunzo yaliyoandaliwa kwa ajili hiyo yanabeba jina la Oliver.

Makundi mengine ya dawa yana masharti yake. Dawa za sonona kama fluoksetini na sertralini husaidia pale sonona au wasiwasi umethibitishwa, ila mwanzoni zinaweza kumchangamsha mtu kupita kiasi akaonekana amezidiwa. Diazepamu na wenzake hutuliza haraka, huzoeza mwili haraka, na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu wa akili huleta kinyume: fujo zaidi badala ya usingizi. Lithiamu ni dawa nzuri ya ugonjwa wa hisia, lakini inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara na mtu wa kugundua kutapika, kutetemeka au kuyumba kunakoashiria sumu, hasa wakati wa joto kali au kuharisha. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Wanawake wenye ulemavu wa akili huzaa kama wengine, na daktari anayewaandikia dawa hiyo bila kuuliza habari za uzazi amewachukulia kama watoto.

Kuandika dawa vizuri kwa mtu wa kundi hili si siri ya kitaalamu, ni nidhamu. Kabla ya kidonge cha kwanza kuna mambo yanayotakiwa kuwa yameandikwa: ni ugonjwa gani unaotibiwa, ni dalili ipi inatarajiwa kupungua, itapimwaje, na ni tarehe ipi uamuzi utafanywa wa kuendelea au kuacha. Uzito, shinikizo la damu, sukari na kipimo cha moyo huchukuliwa kabla, ili baadaye pawepo cha kulinganisha. Dozi huanza chini kuliko ya watu wengine na hupanda polepole, kwa sababu ubongo wenye hitilafu huathirika upesi. Kitu kimoja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja. Akibadilishiwa dawa, nyumba na mhudumu ndani ya wiki moja, hakuna atakayejua kilichomsaidia. Kwa tabia isiyo na ugonjwa nyuma yake, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilisema mwaka 2015 kwamba dawa ya saikosisi ifikiriwe tu pale njia nyingine zimeshindwa ndani ya muda uliokubaliwa, au tiba ya ugonjwa mwingine haijapunguza tabia hiyo, au hatari ni kubwa mno, na daima iambatane na hatua nyingine zisizo za dawa. Matokeo yapimwe baada ya wiki 3 hadi 4, na ikiwa hakuna nafuu hadi wiki ya 6, iachwe. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, maana kuanzisha dawa kunahitaji saini moja na kuiacha kunahitaji ujasiri.

Ridhaa nayo ni sehemu ya tiba. Sheria ya England na Wales ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu mzima anaweza kuamua mambo yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na inataka asaidiwe kwanza: maneno mepesi, picha, muda wa kutosha, mtu anayemwamini pembeni. Akithibitika hawezi kuamua juu ya dawa hiyo, uamuzi unafanywa kwa maslahi yake na kwa njia inayombana kidogo iwezekanavyo. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na kifungu chake cha 12 kinawatambua watu hawa kuwa sawa na wengine mbele ya sheria. Katika chumba cha daktari, hata hivyo, mtu wa miaka thelathini na tano bado huzungumziwa na kaka yake kana kwamba hayupo, na vidonge husagwa kwenye uji bila yeye kujua. Kuficha dawa kwenye chakula kuna mahali pake penye masharti makali. Kulifanya jambo hilo kuwa desturi ya nyumba ni kumwondolea mtu nafasi pekee aliyonayo ya kukataa.

Familia za Afrika Mashariki zinakutana na suala hili kwa sura nyingine. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache na wengi wako mijini, kwa hiyo ndugu ndiye anayekwenda kliniki kuchukua dawa, mara nyingi bila mgonjwa, na dozi inaendelea kama ilivyoandikwa. Dawa zilizopo ni za zamani: haloperidoli, klorpromazini, sindano ya flufenazini inayodumu wiki kadhaa mwilini. Kilichopo kwa wingi huku kuliko Ulaya ni watu wanaomjua mgonjwa tangu alipozaliwa. Ndugu aliyeandika kwenye daftari la shule mambo ya mwezi mzima, usingizi, choo, degedege, siku za hedhi, saa za fujo na kilichozitangulia, amempa daktari kitu ambacho mashine haiwezi kutoa. Ana haki pia ya kuuliza dawa hii ni ya ugonjwa gani na itaangaliwa tena lini.

Kuacha dawa nako kuna utaratibu, na kuacha ghafla ni hatari: usingizi hupotea, mwili hutetemeka, kichefuchefu huja, na ugonjwa uliokuwa umefichika huweza kurudi. Mwenye skizofrenia iliyothibitishwa hapaswi kuondolewa dawa kwa sababu tu ana ulemavu wa akili. Kwa wengine dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, pengine mwaka, huku daftari likiendelea. Fujo za siku chache baada ya kupunguza hazina maana kwamba jaribio limeshindwa. Zinaweza kuwa mwili unaozoea upya. Mwaka 2016 NHS, huduma ya afya ya umma ya England, pamoja na vyama vya madaktari, wauguzi na wafamasia ilianzisha kampeni iitwayo STOMP, yenye lengo la kukomesha dawa zilizozidi kwa watu wenye ulemavu wa akili, usonji au vyote viwili.

Ushahidi kwamba inawezekana ulikuwepo kabla ya hapo. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000, watu 36 waliokuwa wakipewa dawa za saikosisi kwa ajili ya tabia walipunguziwa hatua kwa hatua. Theluthi moja, yaani 12, waliacha kabisa, na wengine 7 walibaki kwenye nusu ya dozi ya awali au chini yake. Kilichowarudisha wengine kwenye dozi zao hakikuwa kuongezeka kwa tabia mbaya katika vipimo. Kilihusiana zaidi na mahali walipoishi na watu waliowahudumia: nyumba ilivyokuwa, na mafunzo ya wahudumu.